Mwau na Teke Lake la Zamani

Kiti cha mbele cha Probox, gari dogo la abiria la kwenda Kathonzweni, kilikuwa cha Mama Nduku, na masikio yake yalikuwa nyuma. Vijana wawili huko walibishania toleo la gemu ya video ya kupigana la kutumia kwenye mashindano ya Jumamosi.

"Tutumie ile ya zamani," alisema Mwau. "Kila mtu anaijua."

Mulki akacheka. "Sema wewe ndio unaijua! Kwa hii mpya teke yako imetolewa. Utashinda na nini, maombi?"

"Ya zamani iko na heshima yake, bana."

Uvivu wa kujifunza huo, Nduku akawaza akitabasamu. Gari likasimama kanisani. Akashuka na barua yake: mchungaji asithubutu kubadilisha kitabu cha nyimbo.