Mwalimu Asidi, Aliyevuliwa Sare Asubuhi ya Mtihani

Wasifu huu mnao mikononi, umechapwa. Sehemu ya mwisho nimeiandika leo hii, kwa hiyo naomba mnivumilie hadi nimalize. Najua mnanong'onezana: binti yangu, mjukuu wa kike wa marehemu, mbona hayupo msibani? Nitajibu. Kwanza tumjue bibi yake.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa pili wa seremala na dobi wa hospitali. Waliishi vyumba viwili nyuma ya karakana, na vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye uji. Aliyemtangulia ni kaka yake wa pekee, ambaye sisi tunamwita Mjomba. Walipishana mwaka mmoja, lakini walianza shule siku moja, kwa sababu mama alilia hadi akaruhusiwa kwenda naye. Wenye kumjua hawashangai.

Walikaa dawati moja hadi darasa la saba, na hesabu za Mjomba nyingi zilipita mkononi mwa mama kwanza. Wiki ya mtihani wa mwisho, mwaka 1965, babu yao alifariki. Nyumba ikajaa wageni. Asubuhi ya mtihani Mjomba alipigiwa pasi shati. Mama naye alipotoka na sare yake, baba yake alimwambia akaivue.

"Wewe ndiye msichana wa nyumba hii. Nani atawapikia watu? Kaka yako ana mtihani."

"Na mimi je, baba?"

"Wewe utafanya mwakani."

Mwakani haukufika. Mwalimu mkuu alisema nafasi za kurudia darasa ni chache, hawezi kumpa msichana ambaye kesho kutwa ataolewa. Mjomba akaenda sekondari. Mama akaenda chumba cha kufulia cha hospitali, kusaidiana na mama yake kukamua mashuka ya wagonjwa. Jambo hili linaniuma mpaka leo, na wakati huo sikuwa hata nimezaliwa.

Alijifunga kibwebwe. Alisoma masomo ya jioni ya watu wazima, akaingia chuo cha ualimu, na mwaka 1974 akapangiwa kufundisha kemia katika shule ya wasichana. Shule hiyo haikuwa na maabara, ilikuwa na vyerehani. Wakubwa waliona sindano na uzi vinawatosha. Mama akaomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi wake kila Jumamosi kwenye maabara ya shule ya wavulana ya jirani. Siku ya kwanza walikuta sinki limejaa mirija michafu ya wiki nzima. Mtunza maabara akacheka. "Mwalimu, si wasichana hao? Waanze kwa kuosha." Mama hakubishana naye. Alitoka hadi uwanja wa mpira, akaazima filimbi ya refa, akaipuliza, akawarudisha wavulana na jezi zao wakaosha walichochafua. Kuanzia siku hiyo wakamwita Mwalimu Asidi. Alijifanya kukasirika, ila jina alilipenda. Baadhi ya wasichana wale leo ni madaktari, na wawili kati yao ndio waliomtibu.

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa redio, Desemba 1978. Wazee walikuwa wamepanga Oktoba, mama akatia ngumu: wanafunzi wake walikuwa na mtihani Novemba. Shangazi yetu, dada wa baba, yupo hapa na hajasahau ile keki iliyobidi iagizwe upya. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu na mimi. Baba alitutangulia mwaka 2009.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Hata wodini hakuacha kuwauliza maswali wajukuu wake wawili, mtoto wa kiume wa kaka yangu na binti yangu, ambao wote wako kidato cha nne. Mwezi uliopita alitushika mikono, mimi na kaka. "Nikiondoka wakati wa mtihani, msiwatoe watoto. Wote wawili. Mmenisikia? Wote wawili." Alikata roho alfajiri ya Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, mtihani ukiwa umeshaanza.

Karatasi yenu inaishia hapo.

Jana tulikaa kikao. Baba Mdogo, mdogo wake baba, alisema, "Kijana tusimsumbue, ana mtihani." Sote tukaitikia. Kisha Shangazi akasema, "Lakini binti aletwe. Msichana mkubwa anakosaje kwenye maziko ya bibi yake? Nani atapokea wageni?"

Nikamwambia, "Shangazi, wanafanya mtihani ule ule, siku ile ile."

"Mwanangu, huyu si ataolewa?"

"Basi aolewe na cheti chake."

Kaka yangu aliinamisha kichwa. Nalisema mbele yenu kwa kuwa nimeumia. Leo asubuhi Baba Mdogo amewasha gari kwenda kumchukua binti yangu shuleni. Karatasi ya leo ni jiografia, somo ambalo marehemu hakulipenda hata kidogo, lakini akiikosa hiyo moja, cheti hana.

Mjomba alikuwa kimya kikao kizima. Asubuhi aliposikia gari linaondoka, alivaa koti lake la msiba akapanda pikipiki ya kukodi, na miaka yake yote hiyo. Amenipigia simu kabla hatujaanza. "Niko getini kwa shule, kwa mlinzi. Baba Mdogo wako amefika, tumekaa naye hapa, hapiti. Mnizikie dada yangu."

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu wawili ambao wote wako katika vyumba vya mtihani, wanafunzi wasiohesabika, na kaka mmoja ambaye leo hatatupa udongo. Wanaouliza nani atapokea wageni: mimi na kaka yangu, na sufuria tutaosha wenyewe.

Mama, pumzika kwa amani. Sisi tutapumzika saa kumi na nusu, karatasi zikishakusanywa.