Dobi Aliyepotea Kwenye Picha

Usinibinulie mdomo kabla sijaanza. Nimeishia darasa la saba, lakini macho hayadai cheti, na nilichokiona nilikiona. Kibanda changu cha kahawa kiko pembeni mwa njia inayoshuka kijitoni, na mbele yake kuna benchi ambalo wazee watatu wamelikalia mpaka limepinda. Povu ni dobi. Wembe ni kinyozi asiye na wateja asubuhi. Dakika anatengeneza saa za watu, yake mwenyewe haitembei. Siku ile mjukuu wangu alikuwa katikati yao, kompyuta mapajani. Hospitali ilitaka picha moja ya maji ya kutundika ukutani, iwe imefika kabla ya saa sita, na atakayechaguliwa ndiye atakayepewa kazi ya kupiga picha za wodi zote. Huyu binti ana miaka miwili sasa anapiga za pasipoti tu. Ilikuwa saa nne na nusu.

— Maji gani haya? Wembe akaanza. Huu ni moshi.

— Ni maji, babu. Niliweka kamera juu ya miguu yake mitatu, nikafunika lenzi kwa kioo cheusi, nikaiacha wazi nusu dakika. Maji yanapita, yanajiandika yote pale pale.

— Nusu dakika? Dakika akaweka kikombe chini. Mimi sekunde nazihangaikia moja moja, huyu anazizoa kwa mafungu.

Povu alikuwa ameikodolea macho ile picha.

— Mimi niko wapi?

Akagusa kioo cha kompyuta kwa kidole.

— Asubuhi ulipopiga nilikuwa pale kijitoni nafua. Nilivaa shati nililoozeshea mwanangu, kwa ajili ya picha hii. Ndoo yangu nyekundu hiyo hapo. Mimi niko wapi?

— Ulikuwa unatikisika, babu. Kinachotulia ndicho kinachobaki.

— Kwa hiyo nimeshindwa na ndoo.

— Ndoo ina adabu, Wembe akasema. Inakaa inapowekwa.

— Mimi nawaambia, kamera imekula nusu dakika ya umri wake, akasema Dakika. Hamjaona anavyokohoa tangu juzi?

— Si umri, ni sabuni, akasema Wembe. Mtu akifua miaka arobaini, na yeye anatakata. Huyu ametakata mpaka kamera haimwoni.

— Basi wewe unayenyoa miaka arobaini, nikamwambia Wembe, tungekuwa tumebakiwa na masikio yako tu.

Povu hakucheka.

— Picha yenyewe imechuja. Shuka likichuja hivi, natia buluu kwenye maji ya mwisho, linaamka. Tia buluu, binti. Halafu unipige hapa hapa, unibandike.

— Rangi nimeigusa kidogo tu, babu. Nimepunguza kijani, basi.

— Kidogo ni ubahili, akasema Wembe. Pale kuna wagonjwa. Wape rangi.

Wakaanza wote watatu: ongeza, ongeza, hapo bado, ongeza. Mjukuu wangu ana kasoro moja, hawezi kumkatalia mzee. Kidole kikasukuma, maji yakawa buluu kama mlango wa duka la rangi. Benchi lote likapiga mapaja kwa furaha. Ulimi uliniwasha, lakini nikauma meno. Kazi ni yake.

Buluu ilipokuwa inapanda alikuwa amefika fundi bomba mmoja, mgeni, spana mkononi, akasimama nyuma yao akingoja nimmiminie kahawa.

— Kile cheupe juu ya ndoo kimekwenda wapi? akauliza.

— Cheupe gani?

— Kilikuwepo nilipofika. Kama mvuke, kimeinama.

Wakatazamana. Wataalamu wangu wa umri na sabuni wakasogeza vichwa kwenye kompyuta. Binti akairudisha rangi yake ya mwanzo, na pale juu ya ndoo kukatokea ukungu mwembamba, una mgongo.

— Hilo shuka, Povu akasema polepole. La nyumba ya wageni. Nalipiga hivi.

Akainuka, akainama, akapiga hewa. Mgongo ule ule.

— Basi ndiye wewe, nikamwambia. Na buluu yako ilishakufuta.

Akamshika binti bega.

— Itoe. Yote. Isibaki hata tone.

— Lakini tukiacha kidogo pale pembeni, Wembe akaanza, na Dakika naye akataka kujua mgongo ule ni sekunde ngapi, na Povu sasa anatafuta shati lake ndani ya ukungu. Saa tano na robo, na picha bado haijachapishwa. Binti anawajibu mmoja mmoja kwa heshima zake.

Nikaingia ndani, nikachukua mkoba.

— Bibi, akasema Povu, kahawa imebaki?

Ilikuwa imebaki nusu birika. Nikatoka, nikamwinua mjukuu wangu na kompyuta yake twende tukachapishe, nikaufunga mlango kwa kufuli, birika likiwa ndani.