Dada Aliyeisikia Ardhi Siku Jua Lilipopatwa

Ndugu, jamaa na marafiki, nasimama kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya dada yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Mitetemo.

Marehemu alizaliwa Machi 1961, akiwa wa kwanza kati yetu watoto watano, akasomea hapa hapa mjini hadi sekondari, chuo kikuu akachukua fizikia, na mwaka 1986 akaajiriwa kwenye kituo cha kupima mitetemo ya ardhi, chumba kidogo cha chini nyuma ya tangi la maji, ambako alituambia kwamba mashine yake husikia watu kuliko ardhi, yaani malori, kiwanda, hata mashabiki wakirukaruka uwanjani. Mwaka 1988 aliolewa na shemeji yetu, msimamizi wa machimbo ya mawe, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka wa ishirini wa kazi yake jua lilipatwa, mji mzima ukasimama, malori yakazimwa, wachimbaji wakaketi shimoni chini ya ukuta wa mwamba wakitazama juu, na mstari unaochorwa na mashine, ambao mchana hucharuka, ukalala kabisa, ndipo dada akaona vijitetemo vikija mfululizo kutoka machimboni, ambako hakuna aliyekuwa akifanya kazi. Alimpigia shemeji simu kwa haraka hata akakosea namba, akapiga tena. Shemeji alidhani giza limemtisha mkewe, akaanza kumtania, naye akamkatiza kwa sauti ambayo shemeji hajaisahau: "Baba watoto, watoe watu shimoni. Mwamba unakatika." Walitoka mbio gizani, wengine wakiacha viatu, na mwanga ulipoanza kurudi ukuta ukaporomoka wote, wala hakufa mtu.

Watu walimpongeza, lakini yeye hakufurahi, alikonda, akawa anashtuka hata akiwa mezani, na tulipombana alisema kwamba mitetemo ile huenda ilikuwepo wiki nzima, sisi tukiifunika kwa kelele zetu, sasa je, tunafunika nini kingine?

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa, akafariki Jumanne iliyopita asubuhi, mabinti zake wakiwa kando ya kitanda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi sebuleni, wafanyakazi wenzake, na wachimbaji mlioomba kubeba jeneza.

Dada, umeogopa vya kutosha kwa ajili yetu. Lala sasa, tutaogopa wenyewe.