Kocha Asiyejua Kufunga

Jumapili jioni kijiwe cha Gulfton kilikaa mahali pake, kwenye ukingo wa saruji nje ya chumba cha kufulia nguo, joto la Houston likiwatoa watu jasho mpaka kwenye nyusi. Hasina aliwaletea chupa ya kahawa ya tangawizi, na shida yake. Watoto wa zile fleti, bintiye Amna akiwamo, hawakuwa na kocha. Josué, kijana aliyekulia humu humu, alikuwa amerudi kwa mamake baada ya kucheza kiungo miaka tisa katika timu ya kulipwa kule Dallas. Timu ilimwacha, goti limechoka, na sasa alijitolea kuwafundisha bure. Ila wazazi hawatoi watoto mpaka kijiwe kiseme ndiyo. Hasina alimimina kahawa, akaomba moyoni.

— Miaka tisa, mabao mawili! alianza Faraj, dereva wa Mombasa. Walimwita VAR, kama ile video ya marefa, maana hakuna jambo la mtu asilolirudia kulikagua. Hata mimi na kitambi hiki ningepata matatu!

— Yeye ni kiungo, mjomba, alisema Hasina. Kazi yake ni kuwapa wenzake.

— Kugawa? Basi tumpe sufuria agawe pilau.

Wanjohi, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu, alidakia.

— Mimi nili-watch ile game ya mwisho, buda. Adui ameanguka, jamaa anasimama kumwinua! Mpira huo unapita. Si lazima wamwache?

Hasina naye aliiona mechi hiyo. Ndiyo iliyomfanya amtake Josué awe kocha.

Matumaini, Mkongomani wa kwaya, alisogea karibu kama mwenye siri.

— Munaonaka ile sidiria nyeusi wanavaaka chini ya jezi? Iko na mashine ndani.

— Ya kupima mbio, kaka, alisema Hasina.

— Ya kupima kiwanja! Ule hakukuwa muchezaji. Kampuni ya kuuza majani ya viwanja ilimutuma. Ndiyo maana alikimbia kila kona bila kufunga!

— Wallahi, mpima ardhi! VAR alipiga paja. Kesho atatupimia watoto!

Walicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hasina hakucheka.

Naserian, jirani anayehudumia wazee, alikuwa amesimama na kapu lake la nguo, bado amevaa sare ya kazi. Alingoja wamalize.

— Samahani. Asipokuja Josué, Jumamosi asubuhi ni nani kati yenu atakuwa uwanjani na watoto?

VAR alitazama funguo za gari. Profesa alivua miwani iliyokuwa safi tayari, akaifuta. Matumaini alikohoa.

Hasina akatoa simu.

— Kaka Josué? Kijiwe kimekubali. Jumamosi.

— Kimekubali saa ngapi? VAR alifoka. Naserian akamtazama tu. Haya, haya, akasema VAR. Lakini awafundishe na kufunga! Hebu niongeze kidogo, mama Amna.

— Kahawa imekwisha, mjomba, alisema Hasina, akaikumbatia chupa iliyojaa nusu.