Kilo Tu, Hakuna Salamu

Wewe hapo, mara ya mwisho mtu kukuuliza umeamkaje, bila kutaka kitu, ilikuwa lini? Sisi wa benchi hii ya Kapkatet, nje ya kibanda cha chai, tulikuwa tunazisikia salamu kila asubuhi, zikitoka dirisha la chumba cha redio pale factory. Makarani wa vituo vya kununua majani ya chai, kila mmoja peke yake kwa kilima chake, walikuwa wanaamkiana kabla ya kupima. Chamgei, yaani hujambo, kituo cha Merigi. Ng'ombe alizaa? Huku mvua inakuja. Halafu mwaka huu wa tisini na saba, meneja mpya akakataza. Kilo tu, over. Mimi mwenye digrii na sina kazi, nilizikosa kama ni mimi nilikuwa nasalimiwa.

Asubuhi moja nilikuwa na Mokaya, tunamwita Waya kwa sababu ndiye anapokea redio, alikuwa kwa break. Na mzee Johana wa kanisa, Bishop.

Waya: Shida ni betri. Salamu zinaikula.

Mimi: Betri inachajiwa na jua, Waya. Ama jua nalo meneja amelifuta kazi?

Bishop: Porojo ni dhambi, kijana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mimi: Mzee, hiyo inakupinga.

Bishop: Inanipinga wapi? Chawa ni chawa.

Waya: Mimi nasikia ni wale wanunuzi wa London. Wakijua karani anacheka, wanasema hii majani haiko serious.

Mimi: Na ng'ombe wa Merigi akizaa, mnada wa chai wa Mombasa unasimama.

Tukacheka. Ndipo Chelangat akafika kutoka hospitali, matope mpaka magoti. Ni dada ya Phelix, karani wa Merigi, yule mwenye pumu.

Chelangat: Phelix amelazwa. Wakulima walimkuta chini, kituoni. Waya, asubuhi alikuita?

Waya: Aliita. Nikaandika kilo zake.

Chelangat: Alikuwa anapumua aje?

Waya akamwambia alisikia namba tu. Zamani, kabla Phelix amalize kusema chamgei, vituo vyote vingejua kifua kimembana, na mtu angetumwa na baiskeli. Lakini namba ni fupi, mgonjwa na mzima wanazisema sawa.

Chelangat bado amesimama, anangoja.

Bwana meneja, rudisha salamu za asubuhi. Kesho, kabla ya kilo. Na kama huwezi, shuka mpaka hospitali hapa Kapkatet, ukae kando ya kitanda cha Phelix, umjibu dada yake wewe mwenyewe.