Lokuruka Ebenyo, Aliyeitwa Digidigi

Wachungaji, wazee, majirani wa Kakuma, nanyi mliotoka Lodwar tangu alfajiri, ejok, hamjambo. Mimi ni Ekwam, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome, na mnivumilie, maana karatasi hii nimeiandika mara nne na kila mara kuna mahali niliruka. Leo sitaruka.

Marehemu Lokuruka Ebenyo alizaliwa Lowarengak tarehe 2 Mei 1968, mtoto wa tatu wa mzee Ebenyo, akaanza shule ya msingi hapa Kakuma mwaka 1977, akaiacha darasa la sita ukame ulipomaliza mifugo ya baba, akachunga mbuzi za watu, akawa mlinzi wa maghala, na kote huko hakujua kukaa kitako, hata chai aliinywa amesimama, macho yakiwa milimani. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Nawoi kanisani Lodwar, wakajaliwa watoto wanne, wote wako hapa mbele yenu.

Mwaka 2006 jamii ilimchagua kulinda wanyamapori kando ya laga, mto wetu mkavu, na huko akawapenda digidigi, wale paa wadogo wenye haya, wasiofika goti, watembeao wawili wawili. Alitufundisha kwamba jina lao ni mlio wao wenyewe wa hofu, autoao jike puani akiona hatari, na kwamba wawindaji humchukia kwa sababu huamsha pori zima. Watoto walimwita Digidigi, kwani naye kila alipoona wingu milimani alikimbia ukingoni akipiga mbinja, ili wanaochota maji watoke kabla mto haujashuka na mafuriko.

Mara nyingi mto haukushuka. Machi 2018, baada ya mbinja tatu za bure katika wiki moja, wazee walimtoza mbuzi kwa kusumbua watu, kama ilivyo desturi, tukamchoma mbuzi huyo, naye akala pamoja nasi, akaahidi kunyamaza. Aliyemshtaki ni mimi. Hapa ndipo nilipokuwa naruka.

Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, alasiri, aliona wingu, akamkumbuka yule mbuzi, akaona haya kupiga mbinja. Alishuka mwenyewe kwenye visima vya mchangani, akamwambia mmoja mmoja kwa sauti ya chini atoke, akamtoa Nawoi, akamtoa mama Mathilde, jirani yetu Mkongo, akiwa na mtoto mgongoni, akatoa wanawake saba. Wa nane alikuwa binti yangu Akai, wa miaka kumi na minne, kwenye kisima cha mbali, na maji hayakumngoja.

Tulipomzika nilingoja kaka yangu anilaumu, lakini alisema tu, "Ekwam, ningepiga mbinja angesikia." Kwa karibu miaka saba nimemwachia mzigo ambao ni wangu, naye aliendelea kupiga mbinja kwa kila wingu, wala hakuna aliyedai mbuzi tena.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, akawa anasafishwa damu Lodwar, hadi alipofariki tarehe 9 Februari 2025, saa kumi jioni. Siku moja kabla, anga ilitanda mawingu, akajaribu kupiga mbinja kitandani hospitalini, midomo ikawa mikavu, nikatoka uani nikapiga kwa niaba yake, askari akanifokea, nikapiga tena. Niliporudi alikuwa ametulia, na sikumbuki kumwona hivyo tangu utoto wetu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walinzi wenzake wa pori, na mama Mathilde aliyepika siku zote za matanga. Mbuzi mtakayemla leo nimemtoa mimi, ni wa kaka, namrudishia mbele yenu nikiwa nimechelewa.

Kaka, kosa lilikuwa langu. Pumzika kwa amani, sasa kaa kitako, mawingu tutayaangalia sisi.