Pakiti Tatu za Mama Akimana

Kijiwe cha stendi ya Kibondo kina benchi moja refu, ubao uliokalishwa juu ya mawe, na jiko la Mpawenimana muuza kahawa, ambalo halizimwi mpaka birika liishe. Wenye benchi ni watatu. Kamati, aliyebatizwa Marcel, yumo kwenye kamati ya maji, ya shule, ya misiba na ya soko, na kwake hata salamu ni ajenda. Spoku ni Nickson fundi baiskeli, ambaye anaongea na binadamu kama anavyoongea na gurudumu. Wa tatu ni Bazilio, mkulima wa maharage, wanayemwita Jamaa Yangu, maana kila shida ya nyumbani kwake huianza hivi: kuna jamaa yangu mmoja. Benchi zima linamjua huyo jamaa ni nani, ila kwa ustaarabu wanamwachia ajifiche. Asubuhi hiyo ya Julai, baridi ikiuma masikio, Bazilio alifika na uamuzi wake tayari.

— Mwakeye, wazee.

— Karibu, kaa. Sasa akidi imetimia, — alisema Kamati. — Jamaa yako anaendeleaje?

— Anamrudisha mke kwao Kasulu. Leo, kwa basi la saa nne.

Spoku aliangusha spana.

— Leo leo?

— Ameshamwambia afunge mfuko. Amemwambia aende akapumzike kwa baba yake. Baba mtu atapigiwa simu mke akishafika, aambiwe kwamba amerudishwa.

Ieleweke kwamba wiki tatu nyuma kikao hiki hiki ndicho kilichotoa hukumu. Esteri, mke wa Bazilio, ana miaka thelathini na minane. Alikuwa amepasuliwa kwenye hospitali kubwa ya mbali kwa sababu ya uvimbe na damu isiyokatika, wakamtoa kizazi. Akarudi na pakiti tatu za kijani, vidonge vidogo vimepangwa kwa siku za wiki, akaziweka juu ya kabati na kumwambia mumewe ni dawa za mwili. Bazilio hakuuliza zaidi, akaona ni mambo ya kike. Badala ya kumuuliza mkewe, alitia pakiti moja mfukoni akaja kuliuliza benchi.

Kamati aliigeuza, akaitazama kwa mbali na kwa karibu, akatamka kwamba hivyo ni vidonge vya uzazi wa mpango, dada yake anavyo. Spoku akauliza, sasa mwanamke asiye na kizazi anazuia mimba gani? Hapo ndipo akili za benchi zilipochemka. Basi kizazi kipo, wakasema, jamaa amedanganywa, na mke anayemeza vidonge vya namna hiyo kwa siri ana mtu. Jioni ile ile pakiti zote tatu ziliingia chooni.

— Haya, mashtaka mapya ni yapi? — Kamati aliuliza, akipokea kikombe.

— Anavua kitenge kwenye baridi hii. Amekaa tu, hajabeba kitu, jasho linamchuruzika. Juzi alikuwa anamenya ndizi akaanza kulia. Nikamuuliza unalia nini, anasema hajui.

— Ulimuuliza wewe?

— Jamaa. Jamaa alimuuliza.

— Endelea.

— Halafu anatafuta. Kila siku anatafuta. Anafunua magodoro, anarudia kabati mara kumi.

— Anatafuta vidonge! — Spoku aliruka. — Si nilisema? Hajauliza hata mara moja?

— Hajauliza.

— Basi. Angekuwa hana hatia angeuliza.

Bazilio alitikisa kichwa kukubali. Wiki tatu nzima jambo hilo ndilo lililomkaa moyoni, kwamba Esteri anatafuta na hasemi anatafuta nini.

— Ila hilo joto, — Mpawenimana alisema akichochea makaa, — hilo si la hawara. Kile kizazi walikizika wapi? Kikizikwa ugenini kinamwita mwenyewe. Ndiyo maana hatulii.

— Acha hizo. Mimi hili naliona kifundi, — Spoku alisema. — Wamefungua injini, wamerudisha nati zote, wamesahau feni. Sasa inachemka.

— Kwenye kamati ya misiba, — Kamati alisema kwa sauti ya kikao, — tulipata taarifa kwamba wakati mwingine kitambaa kinasahaulika tumboni. Kitambaa kikichacha, mtu analia bila sababu.

— Au anageuka mwanaume! — Spoku alitoa macho. — Ondoa vya kike vyote, kinabaki nini? Mwezi ujao ataota ndevu, jamaa yako atagombania naye wembe.

— Yebabawe! Na kwenye daftari la kaya tutamwandika nani? — Kamati aliuliza.

— Mwandike kwenye ulinzi shirikishi!

Walicheka mpaka kahawa ikawapalia. Bazilio naye alicheka, kisha akaona aibu. Alimkumbuka Esteri asubuhi ile, akikunja nguo za mtoto wao Akimana na kuzirudisha pembeni, maana Akimana hakuambiwa afunge mfuko.

Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mwanamke mgeni, ana robota la vitenge miguuni, anasubiri basi hilo hilo. Alikuwa Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, jina lake Anne-Marie, na kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa kinachungulia kwenye pochi. Alikuwa hajacheka hata kidogo.

— Bapapa, samahani. Huyo mama, balimutoa kizazi tu, ao na bifuko ya mayai?

Kamati alimtazama Spoku, Spoku akamtazama Bazilio. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba kuna swali kama hilo.

— Miye balinitoa byote, — Anne-Marie alisema. — Miaka ine sasa.

Mwanamke kutamka jambo hilo mbele ya wanaume wanne, stendi, mchana kweupe! Spoku aliinama akajifanya anatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

— Dokta alinieleza. Ile bifuko ndiyo ilikuwa inatengeneza homoni. Bakiitoa, homoni inakatika siku ile ile, haingoji uzee. Unasikia joto, unalia, unasahau, hata mifupa inakosa nguvu. Miye nililia mwezi muzima, bwana akasema niko na pepo. Kisha nikapewa hii.

Alifungua pochi akatoa pakiti ya kijani. Vidonge vidogo, siku za wiki zimeandikwa juu yake.

Bazilio aliinama kuiangalia. Ilikuwa ile ile. Kona ile ile ya mviringo, kijani kile kile alichokiona kikizama chooni.

— Hivyo si... si vya kuzuia mimba? — Kamati aliuliza, na sauti ya kikao ilikuwa imempotea.

— Mimba gani, papa? Hii inarudisha kile balitoa. Dokta alisema nimeze kila siku mpaka nikaribie makumi tano. Yeye hakupewa?

— Alipewa.

— Sasa yake iko wapi?

Swali lilikuwa dogo namna hiyo. Kamati alichungulia kikombe chake. Mpawenimana alifuta birika ambalo halikuwa chafu. Bazilio alifungua mdomo aseme kuna jamaa yangu mmoja, na maneno hayakutoka.

Esteri alitokea wakati huo huo, mfuko kichwani, mtandio umelowa shingoni. Aliwapa shikamoo wote mmoja mmoja, akatua mfuko, akamgeukia mumewe.

— Baba Akimana, kabla sijapanda basi, nikuulize kitu. Usinikasirikie. Zile pakiti zangu za juu ya kabati hukuziona? Daktari alinikanya nisikatize hata siku moja, na mimi nimezipoteza. Nimeogopa kukuambia. Sikumbuki kabisa nimeziweka wapi. Naona kichwa changu kinaharibika.

Bazilio alisimama.

— Hukuzipoteza. Nilizitupa.

— Wapi?

— Chooni. Siku ile ile nilipo... Niliambiwa ni za... Nilidhani una mtu.

Jasho lilikuwa linamtiririka Esteri, wala hakulifuta.

— Nilimwaga mahindi yote ya ghalani nikizitafuta, — alisema polepole. — Ukaja ukanisaidia kuyazoa.

Hilo Bazilio hakuwa amelisimulia benchi. Hata Spoku alimwangalia kwa mshtuko, kama anamwona leo kwa mara ya kwanza.

— Wiki tatu nilijua nimekuwa mwehu, Bazilio.

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina mbele za watu. Anne-Marie aliinuka taratibu, akamshika mkono na kumwonyesha pakiti yake. Wakasemezana kwa sauti ya chini, kidogo tu, na Bazilio akasikia neno moja, kliniki, na lingine, Kasulu. Esteri alikuwa anaitikia kwa kichwa, machozi sasa yakimtoka waziwazi.

Basi liliingia na vumbi lake. Konda alining'inia mlangoni.

— Wa Kasulu! Hapo mko wangapi?

Bazilio alishika mfuko wa Esteri, nusu aupeleke kwenye basi, nusu aurudishe nyumbani. Benchi lote lilimtazama Esteri.

— Wawili, — Esteri alisema.

Akauchukua mfuko mkononi mwa mumewe, akamsaidia Anne-Marie robota lake, wakapanda. Hakugeuka nyuma. Basi liliondoka, na vumbi likatua juu ya vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa anavinywea.

Kamati alikohoa.

— Sasa, wajumbe, kwa kuwa jamaa...

— Hakuna jamaa, — Bazilio alisema. — Ni mimi.

Alibaki amesimama akitazama barabara ya Kasulu, kisha akamgeukia Mpawenimana.

— Basi lingine linapita saa ngapi?

— Kesho saa nne, — Mpawenimana alijibu. — Na huwa linajaa.